SOMO: Jinsi ya kukagua mashapo kabla ya kununua hisa za mgodi wa fedha

Wadau, wengi mmeuliza kuhusu hisa za migodi ya fedha. Tuanze na Gatos Silver. Jioni ya Januari 25, 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ripoti ya mgodi wake wa Cerro Los Gatos, jimbo la Chihuahua, Meksiko, ina makosa, na kwamba mashapo yaliyobaki (madini yaliyopigiwa hesabu kwamba yanachimbika kwa faida) huenda yakapungua kwa asilimia 30 hadi 50. Kesho yake hisa zikaanguka kwa karibu asilimia 70. Na mgodi ulikuwa unazalisha vizuri tu! Mbale (mwamba wenye madini) ya mwaka huo ilikuwepo; iliyokosekana ni ya miaka ya mbele, ambayo ndiyo wanahisa walikuwa wameilipia.

Hatua ya 1: Tafuta ripoti ya kitaalamu. Achana na vipeperushi vya kampuni. Kwa kampuni zilizoandikishwa Kanada, ripoti ziko SEDAR+, tovuti ya nyaraka za kampuni za huko, bure. Angalia tarehe na nani amesaini: mtaalamu huru au mwajiriwa wa kampuni?

Hatua ya 2: Tenganisha makundi. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuna rasilimali ya kukisiwa, ambapo mashimo ya uchorongaji (ya kuchukua sampuli za mwamba) yako mbali kwa mbali na mjiolojia anajaza katikati kwa makadirio. Kuna iliyoonyeshwa, kisha iliyopimwa. Mashapo yenyewe ni ile sehemu ya haya makundi mawili ya mwisho ambayo imepigiwa hesabu ikaonekana inachimbika kwa faida. Kampuni ikijumlisha yote na kukutajia namba moja kubwa, irudishe kwenye mafungu yake. Mimi ya kukisiwa siilipii hata senti.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe. Tuseme ripoti inataja tani milioni 10 za mbale, kila tani ina gramu 200 za fedha. Hizo ni gramu bilioni 2. Gawa kwa 31.1 (gramu za wakia moja, yaani aunsi) upate wakia: kama milioni 64.3. Kinu cha kusaga na kutenganisha mbale kikikamata asilimia 88 ya fedha hiyo, zinabaki kama milioni 56.6. Sasa kata asilimia 40, kama yaliyowakuta Gatos: milioni 34 hivi. Kama bei ya hisa haina maana kwa wakia milioni 34, usinunue.

Hatua ya 4: Bei gani imetumika? Mashapo hupanda na kushuka na bei ya soko. Aprili 2011 wakia ilikaribia dola 50. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya 14. Mwamba ni uleule, ila uliokuwa na faida unakuwa kifusi.

Hatua ya 5: Linganisha ripoti ya zamani na mpya, na uangalie madeni.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Mwanza: Mkuu, kuna kampuni ina mashapo ya miaka michache tu. Si dalili ya kufunga?*

Si lazima, ndugu. Kwenye mishipa myembamba ya madini uchorongaji wa chini kwa chini ni ghali, hivyo kampuni huthibitisha miaka michache ya mbele na kuendelea kuongeza. Mgodi wa Lucky Friday, kule Idaho, Marekani, ulianza kuzalisha mwaka 1942 na bado unachimbwa. Angalia kama kila mwaka wanarudishia wanachotoa.

*Mwanachama, Nairobi: Nimeona kampuni inachimba bila kutangaza mashapo kabisa. Inaruhusiwa kweli?*

Inaruhusiwa, mradi itoe tahadhari kwa maandishi. Kampuni ya Great Panther ilichimba Guanajuato, Meksiko, kwa namna hiyo miaka mingi. Ilifilisika 2022, ingawa mzigo mkubwa ulitoka kwenye mgodi wake wa dhahabu wa Tucano, Brazil. Ukiingia kwenye kampuni ya aina hiyo, weka kiasi ambacho kikipotea chote ada ya watoto haiguswi.

*Mwanachama, Muscat: Shukrani kwa somo. Wanahisa wa Gatos walifidiwa?*

Kesi ya wanahisa huko Marekani ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 21, kiasi kidogo sana ukilinganisha na hasara. Januari 2025 kampuni ya madini ya First Majestic iliinunua Gatos nzima kwa kubadilishana hisa, na mgodi unaendelea. Kwa hiyo ripoti za kusoma sasa ni za First Majestic. Anza na jedwali la mashapo, halafu rudi hatua ya 3.