Somo: Kusoma majibu ya kipimo cha thairoidi

Kinachowachanganya wengi ni TSH. Ikiwa juu, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa kawaida imelegea. Ikiwa chini, tezi inakimbia. TSH haitoki shingoni, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itengeneze homoni. Ni kama mama anayemwita mtoto asiyeitika: sauti inazidi kupanda.

Hatua ya 1. Tazama viwango vilivyochapwa kwenye karatasi yako, siyo ya jirani. Maabara nyingi huweka TSH kati ya 0.4 na 4.0 hivi, ila mashine hutofautiana, na mjamzito ana viwango vyake.

Hatua ya 2. Soma TSH pamoja na T4 huru, homoni ya thairoidi yenyewe, inayoandikwa FT4. TSH peke yake, kwa maoni yangu, ni nusu ya habari. TSH juu na FT4 chini: tezi imelegea, ndiyo maana ya baridi, uchovu na choo kigumu. TSH chini na FT4 juu: homoni zimezidi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula vizuri. TSH imepanda kidogo na FT4 iko sawa? Mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuanza dawa. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, sema kabla hujatolewa damu. Vinapotosha majibu.

Hatua ya 3. Beba karatasi zote, hata za zamani, uende hospitali ya Maweni, Kigoma, au iliyo karibu. Ikibidi, unaweza kupewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

MASWALI

Mama Neema, Ujiji: Shingo imevimba lakini majibu yote ni ya kawaida. Nitulie?
Jibu: Hapana mama, omba ultrasaundi. Rovu linaweza kuwepo homoni zikiwa sawa. Likikua haraka, sauti ikikwaruza au kumeza kukiwa shida, usingoje.

Baba Zuwena, Uvinza: Sisi chumvi tunayo. Nikila yenye madini joto si naacha vidonge?
Jibu: Baba, chumvi hiyo ni kinga. Tezi ikishalegea hairudishwi na chumvi, na madini joto yakizidi nayo yanaivuruga.

Dada wa Mwanga: Levothyroxine, dawa ya tezi iliyolegea, nameza na chai ya maziwa, TSH haishuki.
Jibu: Meza kwa maji matupu asubuhi, subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo ule. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa 4. Kipimo rudia baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima mapema unapoteza hela.

Dada wa Mwanga: Na nikishika mimba niache?
Jibu: Usiache, dada yangu. Wahi kliniki mara tu ukijua, kwa sababu dozi mara nyingi huongezwa.

Shemeji wa Kasulu: Mke wangu yuko kwenye carbimazole, dawa ya tezi inayokimbia, koo linamuuma na ana homa.
Jibu: Asimeze dozi nyingine, shemeji. Mpeleke leo hii apimwe chembe nyeupe za damu.