Somo: Kuunda bendi ya wanamuziki wa asili tofauti

Habari zenu wakuu. Somo hili ni kwa aliyekwisha kupata wenzake, mmoja ametoka kwenye kwaya, mwingine anapiga udi, mwingine gita la umeme, na sasa hawajui waanzie wapi. Bendi nyingi za aina hii hukimbilia kutunga. Nyimbo zinapatikana kweli, ila kila mtu anaendelea kupiga cha kwao pembeni ya mwenzake. Mimi nashauri wiki za kwanza msitunge kitu.

Hatua ya 1: Kila mmoja alete wimbo wa kwao, wengine waweke vyombo chini

Usikilizeni mara tatu: kwanza kimya, kisha mkipiga makofi, kisha mwenye wimbo awaoneshe mwimbaji anaingilia wapi na kwa nini hapo. Karatasi za noti zisubiri. Mpiga tabla (ngoma mbili ndogo za Kihindi) hujifunza mapigo kwa kuyatamka kabla ya kuyapiga, nasi tuige hilo: kila mtu aimbe sehemu yake kwa mdomo, hata mpiga besi. Sehemu iliyotamkwa mwenzako anaishika upesi.

Hatua ya 2: Tafuteni "moja" iko wapi

Moja ni pigo la kwanza la mzunguko, yaani la mapigo yanayojirudia. Hapa msiwe na haraka. Katika bendi yangu ya kwanza ya namna hii tulilaumiana karibu mwezi mzima. Mpiga gita alidai ngoma inakazia pasipo pake, mpiga ngoma naye akadai gita ndilo linalopotea. Wote walikuwa sahihi. Mzunguko ulikuwa wa mapigo 12: gita lilihesabu mafungu manne ya tatu-tatu, ngoma ikahesabu sita ya mbili-mbili. Tulipolijua hilo, ule mvutano ndio ukawa utamu wa wimbo.

Kuna tofauti za ndani zaidi. Kwenye gamelani ya Java (kundi la gongo na vyombo vingine vya kugongwa vya Indonesia), gongo kubwa hufunga mzunguko, yaani uzito uko kwenye pigo la mwisho. Aliyezoea uzito kuwa mwanzoni atadhani gongo ndiyo moja, na atakosana na wenzake kwa pigo moja mpaka wimbo uishe. Mzunguko wa Kihindi uitwao tintal una mapigo 16, lakini solo haitui kwenye la 16, inatua kwenye la kwanza la mzunguko unaofuata. Ukinyamaza kwenye 16 umemkata mwenzako sentensi. Na mizunguko ya saba ya nchi za Balkani inaweza kuwa mbili-mbili-tatu au tatu-mbili-mbili. Jumla ni ileile, ila miguu ya mchezaji haikanyagi sawa.

Zoezi: mmoja apige makofi ya mzunguko, wengine wasimame na kukanyaga chini kila wanapohisi moja. Tofauti mtaiona kwa macho, na ubishi utaisha.

Hatua ya 3: Tyuni

Chombo kisichoweza kubadilika ndicho kifuatwe. Gita hutyuniwa kwa dakika chache. Mbira (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole) au balafoni (marimba ya Afrika Magharibi) ina sauti alizoipa fundi wake, na huenda isikae kwenye noti ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Basi gita lishuke au lipande.

Ugumu unakuja kwenye makamu za Kiarabu, yaani mifumo yao ya kupanga noti. Noti ya tatu ya Rast, mojawapo ya makamu hizo, iko kati ya tatu ndogo na tatu kubwa (noti za tatu za ngazi ya minor na ya major). Udi na fidla zinaifikia kwa sababu hazina vizuizi kwenye shingo, lakini kinanda cha kawaida hakina noti hiyo kabisa. Kinanda kikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) yenye tatu kubwa chini ya Rast, udi utasikika umekosea, kumbe uko sawa. Kinanda kiiache noti hiyo: kipige ya kwanza na ya tano tu.

Hatua ya 4: Pangeni nani ananyamaza

Shakti, bendi ya katikati ya miaka ya 1970, hutajwa kama mkutano wa gita la Mwingereza John McLaughlin na Uhindi. Lakini tabla ya Zakir Hussain ilikuwa ya mapokeo ya kaskazini na ghatam (mtungi wa udongo unaopigwa) ya Vikku Vinayakram ya kusini, mapokeo mawili yenye hesabu zake. Wasikilizeni wanavyoachiana nafasi.

Hatua ya 5: Mgao uandikwe kabla ya kurekodi

Nani ametunga maneno, nani sauti, asilimia ngapi, na wote watie saini. Wimbo wa jadi uandikwe kuwa ni wa jadi, na jamii yake itajwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Tuna lugha nne. Tuimbe ipi?

Jibu: Kila mtu aimbe anayoijua, kiitikio kiwe cha maneno machache ambayo wote mnaweza kuyatamka vizuri. Angalizo: lugha kama Kiyoruba hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Ukiyapachika maneno yake kwenye melodi yoyote unaweza kusema jambo jingine kabisa. Mwenye lugha asikilize kwanza.

Swali: Kora yetu (kinubi cha Afrika Magharibi) inamezwa na dramu. Tumeongeza spika, bado.

Jibu: Ndugu yangu, usiongeze, punguza. Ondoeni matoazi kwanza, maana mlio wake unafunika nyuzi za juu za kora. Kisha mpiga dramu atumie brashi. Rekodini kwa simu kutoka mwisho wa chumba: nyuzi zikisikika huko, mko salama.

Swali: Mwenzetu ana mdundo mzuri sana wa ibada ya kwao, lakini anasita kuupiga jukwaani. Tumshawishije?

Jibu: Msimshawishi, dada, na msipige kura juu yake. Muulizeni kama upo mdundo wa sherehe anaoweza kuwafundisha, na huo wa ibada muuache hadi atakapouleta mwenyewe.