Kukazia hukumu ya talaka mtalaka wako anapokataa kulipa: hatua kwa hatua, kutoka Malindi

Wengi wanaokuja ofisini kwangu huja na bahasha ya kaki, na ndani mna hukumu ya kadhi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. "Wakili, mimi nilishinda," ndilo neno la kwanza. La pili: "Mwaka wa pili huu sijaona hata shilingi."

Kadhi akishasoma hukumu huita kesi inayofuata. Hakuna askari anayetumwa kumfuata mtalaka wako. Kuikazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa, ni kazi ya aliyeshinda. Na katika kazi hiyo fomu ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kujua yule bwana anapata pesa wapi, siku gani, na zinapitia mikono ya nani kabla hazijamfikia. Mambo hayo wewe uliyelala naye nyumba moja unayajua kuliko mimi na dalali wa mahakama, yule anayekamata mali, tukiunganishwa pamoja.

Naandika nikiwafikiria wanawake kwa kuwa ndio wengi wanaodai, lakini mwanamume aliyeamriwa arudishiwe vitu vyake atapita njia hii hii. Na nazungumzia mahakama za kadhi, za Malindi na Lamu, zile zilizowekwa na Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu.

Hatua ya 1: Toa dikrii

Hukumu ni maelezo marefu: nani alisema nini, shahidi gani aliaminika, aya na hadithi zilizotegemewa. Dikrii ni karatasi fupi inayotoka humo na kusema nani amlipe nani, kiasi gani. Dalali wa mahakama hafanyii kazi hukumu, anafanyia kazi dikrii. Nenda masjala, iombe, ulipie, uchukue nakala iliyothibitishwa kwa muhuri.

Kabla hujatoka pale dirishani, isome. Jina la mdaiwa liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, majina yote matatu. Ukisimama Mkunguni pale Lamu ukaita "Ali Mohamed" watageuka wanne, na waranti (amri ya kukamata mali) yenye majina mawili ni zawadi kwa mtu anayetafuta pa kupenya. Angalia pia kama kila dai lina kiasi chake: nafaka ya eda (pesa za matumizi wakati wa eda) shilingi kadhaa, mut'a (kitulizo cha mke aliyeachwa) kadhaa, baki ya mahari kadhaa. Ikiwa imeandikwa tu "atoe nafaka inayostahili", hapo hakuna cha kukazia. Irudishe kwa kadhi aifafanue.

Fomu ya kukazia ina nafasi ya riba. Wateja wangu wengi huniambia niikate kwa kalamu, na mimi huikata.

Talaka yenyewe haihitaji kukaziwa. Imeshapita. Chukua cheti chake ukiweke mahali pakavu.

Hatua ya 2: Mpe nafasi ya mwisho, kwa maandishi

Mpelekee nakala ya dikrii pamoja na barua: unadai hiki na hiki, ulipe kwa namba hii, ndani ya siku kumi na nne. Ipelekwe na mtu wa kupeleka samansi anayetambuliwa na mahakama, ambaye atakula kiapo kwamba alimkabidhi mkononi. Usimtume kaka yako. Kaka atafika pale na maneno yake ya moyoni, na kesi ya nafaka itageuka kesi ya kupigana.

Hatua ya 3: Keti uandike anachomiliki na anapolipwa

Hatua hii ndiyo ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na nilijifunza kwa aibu.

Miaka yangu ya kwanza nilichukua waranti haraka, nikamkabidhi dalali, tukaenda nyumba moja huko Maweni. Ndani tulikuta kitanda, godoro, sufuria na nguo. Vitu hivyo sheria imevikinga: Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai hakiruhusu kukamata nguo, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa na watu wake, wala zana anazofanyia kazi yake. Kulikuwa na televisheni moja. Dada yake akatoa risiti yenye jina lake. Tulirudi mikono mitupu, na gharama ya dalali siku ile ilimwangukia mteja wangu aliyekwisha kukosa nafaka.

Tangu hapo namkalisha mteja, namwagizia chai, namuuliza maswali ya kawaida kabisa. Mmoja alidai 68,000, nafaka ya eda na baki ya mahari. Mtalaka wake mvuvi.

"Ana chombo?"

"Chombo cha tajiri. Yeye nahodha tu."

"Alipokuwa nyumbani, pesa akileta siku gani?"

Akafikiri. "Alhamisi, baada ya alasiri. Tajiri hulipa Alhamisi ili watu wapate ya Ijumaa."

"Kwa mkono au kwa M-Pesa?"

"Kwa mkono. Huandika kwenye daftari, kila mtu na ukurasa wake."

Kesi ilikuwa imekwisha pale pale. Nyavu zake ningezigusa, angesema ndizo zana za kazi, na angekuwa na hoja. Mashua si yake. Lakini fungu lake la mauzo, lililoandikwa kwenye daftari la mtu mwingine likingoja Alhamisi, hilo ni deni ambalo tajiri anadaiwa naye, na deni hukamatwa.

Basi andika: mshahara, biashara, kodi ya nyumba anazopangisha, pikipiki au tuktuk na namba zake, mifugo, shamba na namba ya hati kama lina hati. Uwe makini na nyumba za kwetu pwani: wengi wana nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine na hulipa kodi ya ardhi. Unaweza kukamata nyumba, lakini mjue mwenye kiwanja kabla mnunuzi hajamjua.

Usipojua chochote, Amri ya 22 Kanuni ya 35 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai inakuruhusu umwite mdaiwa mahakamani ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali yake. Fika na maswali ya siku na majina. Swali la "una mali gani?" hujibiwa "sina", na mnarudi nyumbani.

Hatua ya 4: Chagua njia inayomfaa mtu huyu

Mwalimu, askari, mfanyakazi wa kaunti: omba amri ya kukata mshahara. Inakwenda kwa mwajiri, naye anakata kila mwezi. Ni njia tulivu kuliko zote, haina mayowe.

Mfanyakazi wa hoteli Watamu au Malindi pia ana mshahara, ila tazama kalenda. Kuanzia Aprili hadi Juni hoteli nyingi hufungwa au hupunguza watu, na amri yako itapokewa na mlinzi wa lango. Ngoja wageni warudi.

Mvuvi, dereva wa kukodi, mwenye wapangaji: ombi la ganishii chini ya Amri ya 23, yaani amri kwa yule anayedaiwa naye, kwamba deni hilo akulipe wewe. Unaapa kwamba dikrii haijalipwa, kumebaki kiasi gani, na fulani ana pesa za mdaiwa. Fulani huyo huitwa aeleze. Mtalaka wako akiwa Uarabuni na wapangaji wake wakiwa Majengo, njia ndiyo hii. Huhitaji kumfuata Dubai.

Mwenye pikipiki, ng'ombe au duka: waranti kwa dalali aliyesajiliwa. Dalali kwanza huorodhesha mali na kuacha notisi ya siku saba ili mwenyewe alipe akomboe. Wengi hulipa ndani ya siku hizo, hasa pikipiki ikiwa na mtu wa kuihitaji kesho. Kwa walio Lamu, jumlisha nauli kabla: dalali akitoka Malindi atapanda gari hadi Mokowe, kisha boti, na kitu kikikamatwa kisiwani lazima kivushwe. Deni la elfu kumi halistahili safari hiyo.

Aliyekuwa na hukumu ya kurudishiwa vyombo vyake aombe waranti ya kukabidhiwa vitu vile vile. Dhahabu iandikwe uzito na umbo, si "mkufu wa dhahabu" tu. Dikrii ikitaja na thamani yake, mkufu usipopatikana unadai pesa.

Jela ya madeni huulizwa na kila mteja, na huulizwa kwa hamu. Ipo. Mahakama humpa mdaiwa notisi aje ajieleze kwa nini asifungwe, lakini lazima iridhike kwamba ana uwezo na anakataa, au anaficha mali, au anataka kutoroka. Asiyenacho hafungwi kwa kutokuwa nacho. Halafu aliyeomba afungwe hutakiwa kutoa pesa za chakula chake akiwa ndani. Nimeona sura za wateja zikibadilika wakisikia hilo. Mimi naitumia notisi yenyewe: mtu akiitwa ajieleze, ghafla anakumbuka ana ng'ombe kwa mjomba wake Gede.

Hatua ya 5: Jiandae kwa watakaojitokeza

Mali ikikamatwa atatokea ndugu aseme ni yake. Ana haki ya kupinga, na mahakama itasikiliza. Ndiyo maana nataka namba ya usajili na picha kabla ya waranti.

Mtalaka wako anaweza pia kukata rufaa Mahakama Kuu, ndani ya siku 30. Rufaa peke yake haisimamishi kitu. Lazima aombe amri ya kusimamisha. Akikuonyesha stakabadhi ya rufaa bila amri hiyo, endelea.

Muda: dikrii ikipita mwaka mmoja bila kukaziwa, kwanza apewe notisi ya kujieleza. Ikipita miaka 12 imekufa.

Hatua ya 6: Watoto wawe faili lao

Nafaka ya eda huisha na eda. Ya watoto inaendelea, na kila mwezi usiolipwa ni deni jipya. Weka daftari la mwezi kwa mwezi. Malezi na matunzo ya watoto mara nyingi huendeshwa katika Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022.

Na kama umepewa malezi naye hamrudishi mtoto, usiende na shangazi watano kumchukua madrasa. Nenda kwa afisa wa watoto na nakala ya amri, na afisa aombe polisi wasaidie. Mtoto atoke pale akiwa ameshikwa mkono na mtu asiyepiga kelele.

Hatua ya 7: Kila malipo yaingie kwenye faili

Mkikubaliana alipe kwa awamu, andikeni, mtie saini, ipelekwe kwa kadhi aiingize kuwa amri. Kwa mvuvi, napenda awamu zifuate bahari: kubwa wakati wa kaskazi, ndogo kusi inapovuma na vyombo vimelala. Awamu sawa mwaka mzima huvunjika mwezi Juni. Pesa ipite M-Pesa ili iache alama, na kila malipo ijulishwe mahakama, hata yale uliyopewa mkononi barazani.

Yule tajiri wa Alhamisi alifika mahakamani na daftari lake chini ya kwapa. Ukurasa wa nahodha ulionyesha 23,000; akaamriwa azilete, akazileta. Zilizobaki mtalaka mwenyewe aliomba awamu nne. Ya mwisho ilikuja tena na tajiri, akaomba nakala ya karatasi yenye muhuri kwamba deni limekwisha, akaikunja, akaipachika ndani ya jalada la daftari.