Jinsi ya Kuchagua Jukwaa Kabla Mchezo Mkubwa wa Kuigiza Wahusika Haujatoka

Mchezo mkubwa wa video wa kuigiza wahusika (RPG) unapotangaziwa tarehe ya kutoka, mabishano huanza siku hiyohiyo kati ya wenye konsoli (mashine maalumu ya kuchezea michezo) ya PlayStation, wenye ya Xbox na wenye kompyuta, kila upande ukidai kwamba toleo lake ndilo litakalokuwa bora. Mabishano hayo hayamsaidii mtu anayetaka kujua aweke wapi fedha zake. Mchezo wa aina hii si wa jioni moja: The Witcher 3: Wild Hunt, kwa mfano, humchukua mchezaji makumi ya saa kumaliza kisa kikuu pekee, na anayefuata kila kazi ya pembeni hupita saa mia. Kwa hiyo unapochagua jukwaa, yaani mashine utakayochezea, unachagua pia mahali ambapo mhusika wako, silaha zake na maamuzi yake yote yataishi kwa miezi, na mara nyingi huwezi kumhamisha baadaye. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya uamuzi huo kwa ushahidi, tangu siku ya tangazo hadi usiku wa kwanza wa kucheza.

Soma tangazo hadi mstari wa mwisho

Kionjo, yaani video fupi ya kutangaza mchezo, huonyesha mazimwi na mapambano, lakini masharti huandikwa chini kwa herufi ndogo. Nakili mambo matatu: mashine zilizotajwa kwa jina, tarehe ya kila mashine, na maneno yoyote yanayogusa muda au upekee. Maneno "konsoli hii pekee" huwapotosha wengi, maana mchezo unaotangazwa hivyo unaweza kutoka kwenye kompyuta siku ileile.

Ukiona kwamba mashine yako haimo, tafuta sababu, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua kama inafaa kusubiri. Sababu ya kwanza ni umiliki. Microsoft, mwenye Xbox, ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, mnamo Machi 2021, na Starfield, mchezo wa Bethesda, ulipotoka Septemba 2023 ulikuwa wa Xbox Series na kompyuta tu. Ukuta wa namna hii hauna tarehe ya kubomoka, ingawa tangu 2024 Microsoft imepeleka baadhi ya michezo yake kwenye PlayStation, Sea of Thieves ukiwamo. Sababu ya pili ni makubaliano ya muda kati ya mtengenezaji na mwenye konsoli. Final Fantasy XVI ulitoka kwenye PlayStation 5 Juni 2023, ukafika kwenye kompyuta Septemba 2024, na kwenye Xbox Juni 2025. Mwenye subira ya mwaka mmoja au miwili katika hali hiyo hupata mchezo uliokwisha kurekebishwa, na kwa maoni yangu hana sababu ya kununua konsoli nzima kwa ajili ya mchezo mmoja.

Sababu ya tatu ni ya kiufundi, nayo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Baldur's Gate 3 ulitoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, ukafuata PlayStation 5 mwezi Septemba, kisha Xbox mwezi Desemba. Wengi walidhani kuna mkataba wa siri. Ukweli ni kwamba Larian Studios, watengenezaji wake, walishindwa kuufanya mgawanyo wa kioo kwa wachezaji wawili (wanaocheza pamoja kwenye skrini moja) ufanye kazi vizuri kwenye Xbox Series S, ambayo ina nguvu ndogo kuliko Series X, na kanuni ya Microsoft ilitaka konsoli zote mbili ziwe na uwezo uleule. Mwishowe Microsoft ilikubali Series S ipate mchezo bila mgawanyo huo. Ucheleweshaji wa aina hii kwa kawaida ni wa miezi, si miaka, na anayesubiri anajua anachosubiri.

Tafuta picha za mashine yako, si za mashine yoyote

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo watu wengi walipoumia. Cyberpunk 2077 ulipangiwa Aprili 2020, ukasogezwa hadi Septemba, ukasogezwa tena hadi Novemba, na hatimaye ukatoka tarehe 10 Desemba ukiwa umeagizwa mapema kwa nakala milioni 8. Wahakiki waliopewa nakala kabla ya siku ya kutoka walipewa ya kompyuta. Wenye PlayStation 4 na Xbox One, mashine zilizokuwa sokoni tangu 2013, waliuona mchezo kwa mara ya kwanza ukiwa tayari nyumbani kwao: sura za watu zilichelewa kujichora, picha zilikwama barabarani, na mchezo ulijizima wenyewe katikati ya kazi. Wiki moja hivi baadaye Sony, mwenye PlayStation, iliuondoa kwenye duka lake na kuwarejeshea fedha walioununua humo, na haukurudi humo hadi Juni 2021. Nyongeza yake kubwa, Phantom Liberty ya Septemba 2023, haikupelekwa kabisa kwenye mashine hizo za kizazi cha zamani.

Dalili ilikuwepo kabla ya siku ya kutoka kwa aliyejua pa kuitafuta: wiki zilikuwa zimebaki chache, na video ndefu isiyokatwakatwa ya mchezo ukichezwa kwenye konsoli za kawaida za zamani ilikuwa adimu. Kwa hiyo jiwekee sharti moja lisilovunjika: usilipe mpaka umeona angalau dakika kumi mfululizo zilizorekodiwa kwenye mashine ya aina ileile uliyo nayo, toleo lilelile, si ndugu yake mwenye nguvu zaidi.

Unapoipata video hiyo, itazame kama fundi anavyosikiliza injini. Usitazame vita dhidi ya jitu kubwa, kwa sababu sehemu hizo hupigwa msasa kuliko nyingine. Subiri mhusika aingie sokoni au kwenye lango la mji, mahali penye watu wengi, kisha angalia kinachotokea anapogeuza kamera upesi: je, picha inateleza au inaruka? Watu walio mbali wanatembea kwa ulaini au wanasogea kwa vituo kama sanamu zinazosukumwa? Kuta zinachelewa kuvaa rangi zake? Mhusika akifungua mlango, muda gani hupita kabla ya chumba kuonekana? Angalia pia mwishoni mwa video au pembeni, ambapo mara nyingi huandikwa kwamba picha zilichukuliwa kwenye kompyuta. Maneno hayo yakiwepo, video hiyo haikuhusu wewe mwenye konsoli.

Michezo mingi ya sasa kwenye konsoli hutoa njia mbili, moja ya ubora wa picha inayolenga fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo), na nyingine ya kasi inayolenga fremu 60. Uliza video inatumia ipi. Usidhani pia kwamba toleo jipya zaidi ndilo laini zaidi daima. Elden Ring ulipotoka Februari 2022, toleo la PlayStation 4 likichezwa ndani ya PlayStation 5 lilishika fremu 60 kwa uthabiti kuliko toleo lililotengenezwa kwa PlayStation 5 yenyewe, kwa sababu lilichora picha nyepesi zaidi. Kwenye kompyuta, mchezo huohuo uliwasumbua hata wenye kadi ghali za michoro kwa mikwamo midogo isiyokwisha. Mashine kubwa pekee, kwa hiyo, si dhamana.

Jua hifadhi yako itakaa wapi

Faili la hifadhi, yaani kumbukumbu ya ulipofikia mchezoni, ndiyo mali halisi ya mchezaji wa michezo hii. Mimi mwenyewe niliwahi kumlea mpiga mishale kwa zaidi ya saa sabini kwenye konsoli, kisha nikanunua kompyuta pamoja na nakala ya pili ya mchezo uleule, nikiamini kwamba kuingia kwa akaunti ileile kungetosha. Akaunti ilifunguka na jina langu likatokea, lakini palipopaswa kuandikwa "endelea" palikuwa na "anza upya" tu. Sikuwa nimeuliza, na hakuna aliyeniahidi. Tangu siku hiyo swali la hifadhi ndilo la kwanza ninalouliza baada ya kuona picha.

Majibu hutofautiana mchezo kwa mchezo. Baldur's Gate 3 huruhusu hifadhi kuvuka kutoka jukwaa moja hadi jingine kupitia akaunti ya Larian, na sasisho la Desemba 2022 liliipa The Witcher 3 uwezo wa namna hiyo kupitia akaunti ya GOG, duka la michezo la mtandaoni. Elden Ring humwezesha mchezaji kuhama kutoka PlayStation 4 kwenda PlayStation 5, lakini si kutoka PlayStation kwenda Xbox. Kanuni ya kufuata ni kwamba hifadhi iliyomo kwenye akaunti ya konsoli hubaki ndani ya familia ya konsoli hiyo, na ile inayovuka huvuka kwa akaunti ya mtengenezaji. Tafuta akaunti hiyo katika maelezo rasmi, na uifungue kabla ya siku ya kwanza, si baada ya saa arobaini.

Swali hili linaambatana na jingine la maisha marefu ya mchezo. Skyrim ulipotoka Novemba 2011, wenye PlayStation 3 waligundua kwamba kadiri faili lao la hifadhi lilivyozidi kukua, ndivyo mchezo ulivyozidi kusuasua, kasoro ambayo hakuna mhakiki angeiona katika saa kumi za mwanzo. Nyongeza ya Dawnguard iliwafikia wenye Xbox 360 Juni 2012, lakini wenye PlayStation 3 waliisubiri hadi Februari 2013. Kama unapenda modi, yaani mabadiliko yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe, kompyuta haina mpinzani, kwa kuwa konsoli ama huziwekea mipaka mikali ama huzikataa kabisa. Na kama unakusudia kucheza na rafiki, hakikisheni mapema kwamba majukwaa yenu yanakutana, kwa maana Elden Ring hauwakutanishi wa PlayStation na wa Xbox hata wakicheza saa ileile.

Kulipa, nafasi na usiku wa kwanza

Kuagiza mapema nakala ya kidijiti hakukuwekei nafasi kwenye foleni, kwa sababu nakala hizo hazimaliziki. Kama zawadi ya kuagiza mapema inakuvutia, soma kwanza masharti ya kurejeshewa fedha. Steam, duka la michezo ya kompyuta, hurejesha fedha ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa 2, na kwa mchezo ulioagizwa mapema siku hizo huhesabiwa tangu utoke. Katika duka la PlayStation, haki hiyo hupotea mara upakuaji unapoanza, isipokuwa mchezo una kasoro, kwa hiyo zima upakuaji wa kiotomatiki mpaka uwe na uhakika.

Pima nafasi siku kadhaa kabla. Baldur's Gate 3 huomba gigabaiti 150 kwenye kompyuta, tena kwenye diski ya SSD (aina yenye kasi), ilhali PlayStation 5 ya kwanza, yenye gigabaiti 825, humwachia mtumiaji kama 667 tu.

Usiku wa kutoka, saa 2 za Steam huyeyuka haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wengi humaliza nusu yake kwenye ukurasa wa kuunda sura ya mhusika, na saa hiyo huhesabiwa. Unda mhusika wa majaribio kwa dakika mbili ukiacha sura aliyopewa na mchezo. Mpeleke moja kwa moja mahali penye watu na mwanga mwingi, geuza kamera kama ulivyowaona wengine wakifanya kwenye video, jaribu njia zote mbili za picha, pigana mara moja, kisha hifadhi, funga mchezo kabisa, ufungue tena na uone kama hifadhi imo. Ingia pia kwenye akaunti ya mtengenezaji uhakikishe kwamba hifadhi hiyo imepanda mtandaoni. Ukiona kasoro ambayo huwezi kuivumilia kwa saa mia, omba fedha zako usiku huohuo. Ukiridhika, mfute mhusika wa majaribio, rudi kwenye ukurasa wa kuunda sura, na sasa chukua muda wote unaoutaka.