Kupima kemikali dhidi ya Alzheimer kwenye seli: siku tatu za kazi, hatua kwa hatua

Bibi yangu, jjajja mzaa mama, alianza kunisahau mwaka niliomaliza chuo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ndiyo sababu niko kwenye kazi hii, na ndiyo sababu sipendi ifanywe kwa haraka. Kila mwaka maabara yetu hapa Kampala hupokea wanafunzi wapya, wengine wametoka Arua na Mbarara, wengine Bukavu na Bukoba, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Nimeandika hapa yale ninayowaonyesha tukiwa mezani.

Anza kwa kuandika swali kwenye daftari. La kwetu ni dogo: je, kemikali hii inazikinga seli zisidhurike na amiloidi-beta kwa muda wa saa 24? Amiloidi-beta ni kipande cha protini kinachorundikana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu, na umbo lake lenye asidi amino 42 (asidi amino ni matofali ya protini) ndilo hugandamana upesi zaidi. Jaribio hili halijibu kama mgonjwa atakumbuka jina la mjukuu wake.

Hatua ya 1: Zifahamu seli zako

Tunatumia seli ziitwazo SH-SY5Y. Asili yake ni uboho wa mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa na saratani ya chembe changa za neva, sampuli iliyochukuliwa mwaka 1970. Ni seli za saratani: zinagawanyika, jambo ambalo neva ya mzee haifanyi. Ukiweza, zipe asidi ya retinoiki mikromola 10 (mikromola na milimola hupima ukolezi) kwa siku tano hadi saba, zipunguze kugawanyika na ziote mikia kama neva. Usizitumie zikishapita mgawo wa 20, yaani zikishagawanywa na kuhamishiwa vyombo vipya mara 20, na kila mwezi zipime kama zina mikoplasma, bakteria mdogo sana. Mdudu huyo huweza kupenya hata kichujio cha mikromita 0.22, haonekani kwa darubini ya kawaida, na huvuruga matokeo yote bila seli kufa.

Inkubeta, yaani kabati la joto la kukuzia seli, iwe nyuzi 37, hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani. Kwa hiyo asilimia 5 yetu ina gesi pungufu kidogo, na midia, kimiminika cha kulishia seli, hupungua uchachu na rangi yake huelekea upande wa zambarau. Sisi tumepandisha hadi karibu asilimia 5.7. Ni tofauti ndogo, lakini ukilinganisha matokeo yako na ya mwenzako wa Mombasa utaielewa.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta. Ikiwa imefungwa hutunza joto kwa muda wa kutosha jenereta iwashwe. Mwanafunzi anayefungua "kuangalia tu" ndiye anayezipoza.

Hatua ya 2: Pima sumu ya kemikali yenyewe kwanza

Yeyusha kemikali katika DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, iwe milimola 10. Jaribu kwenye seli dozi za mikromola 0.1, 0.3, 1, 3, 10 na 30, kwa saa 24. Dozi ya 30 inabeba DMSO asilimia 0.3, basi ongeza DMSO kwenye visima vingine vyote vya sahani ya kupimia, hata vile visivyo na dawa, mpaka vilingane. Endelea na dozi zile tu zinazoacha angalau asilimia 90 ya seli zikiwa hai.

Hatua ya 3: Andaa amiloidi

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, na pesa pia. Agiza peptidi (kipande kifupi cha protini, hapa amiloidi-beta) ikiwa unga mkavu, na mwombe muuzaji aisafirishe mwanzoni mwa wiki ili isilale Entebbe mwisho wa juma ikingoja karatasi za forodha.

Unga huo huja ukiwa umeshaanza kugandamana kwa namna usiyoijua. Lazima uuvunje. Uyeyushe katika hekzafluoroisopropanoli, ndani ya kabati la kutolea mvuke, ukiwa na glavu na miwani, maana kimiminika hicho huunguza macho na mapafu. Gawanya kwenye vichupa, acha kikauke chote usiku kucha, ibaki ngozi nyembamba isiyo na rangi chini ya kichupa. Hifadhi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Asubuhi ya siku ya kwanza, toa kichupa cha miligramu 1, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua ili kisivute unyevu. Ongeza mikrolita 44 za DMSO kavu, upate milimola 5. Kisha ongeza midia baridi ya F12 isiyo na rangi ya fenoli, jumla iwe mililita 2.2, na uweke kwenye friji ya nyuzi 4 kwa saa 24. Utapata oligoma, yaani vishada vidogo, ambavyo vinasadikiwa kudhuru neva kuliko nyuzi ndefu. Ukitaka nyuzi, tumia asidi hidrokloriki milimola 10 badala ya midia, na joto la nyuzi 37. Andika daftarini ni ipi uliyotumia, kwa sababu hizi ni sumu mbili tofauti.

Miligramu hiyo moja inatosha visima kama 220 kwa dozi ya mikromola 10. Panga sahani yako kwa penseli kabla ya kuyeyusha chochote.

Hatua ya 4: Panda seli

Siku hiyohiyo ya kwanza, hesabu seli kwa kioo cha kuhesabia pamoja na rangi ya tripani buluu, inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, kisha weka seli 15,000 katika mikrolita 100 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96. Tumia visima 60 vya ndani peke yake. Vya pembeni hukauka upesi, vijaze maji ya chumvi ya bafa, yaani yasiyobadilika uchachu kwa urahisi.

Visima vya kulinganishia ni hivi: midia tupu, seli na DMSO, seli na amiloidi, seli na peptidi yenye asidi amino zilezile zilizochanganywa mpangilio, seli na kemikali bila amiloidi, na kemikali bila seli kabisa. Hicho cha mwisho wanafunzi hukiacha. Nitakirudia.

Hatua ya 5: Siku ya pili

Weka kemikali, subiri saa mbili, weka amiloidi iwe mikromola 10, rudisha kwenye inkubeta. Siku hii ni nyepesi.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, rangi ya zambarau

Ongeza MTT, rangi ya kupimia uhai wa seli, iwe miligramu 0.5 kwa mililita, ngoja saa tatu. Seli hai hugeuza unga huo wa njano kuwa fuwele za zambarau. Ondoa kimiminika taratibu kwa pipeti, yeyusha fuwele kwa mikrolita 100 za DMSO, soma kwa mashine mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 570 na utoe usomaji wa 690.

Sasa kile kisima kisicho na seli. Kuna mzee mganga upande wa Masaka aliyetupa majani anayowapa wazee wanaosahau. Tulichemsha, tukachuja, tukapima, na seli zikaonekana kupona kupita zile ambazo hazikuguswa na sumu: asilimia 120. Nilifurahi kwa wiki tatu. Ndipo mwanafunzi mmoja akaweka mchujo ule na MTT kwenye kisima kitupu, na kikawa zambarau mbele ya macho yetu. Polifenoli, kemikali za asili za mimea, hugeuza MTT zenyewe, bila seli yoyote. Tangu siku hiyo tunaosha seli kwa maji ya bafa yenye joto mara mbili kabla ya MTT, na hakuna sahani inayosomwa bila visima vile. Bizari ya manjano ina matata ya jinsi hiyo: kurkumini iliyomo ina rangi yake na mwanga wake, na hudanganya vipimo vingi.

Kuna mtego mwingine. Amiloidi yenyewe hufanya seli zitoe nje fuwele za zambarau haraka, hivyo rangi hushuka hata pale seli hazijafa. Kwa hiyo hifadhi kimiminika cha juu kabla ya kuosha, na upime humo laktati dehidrojenasi, kimeng'enya kinachovuja seli zinapopasuka. Kemikali ikishindwa kupunguza uvujaji huo, mimi siiiti kinga.

Hatua ya 7: Hesabu

Toa usomaji wa midia tupu kwenye kila namba. Seli na DMSO zikiwa 0.90, zenye amiloidi 0.50, na zenye amiloidi pamoja na kemikali 0.70, kinga ni (0.70 − 0.50) ÷ (0.90 − 0.50), yaani asilimia 50. Visima vitano vya sahani moja ni jaribio moja. Unahitaji angalau siku tatu tofauti, seli za mgawo tofauti, na amiloidi iliyoandaliwa upya.

Hatua ya 8: Jaribu kuiangusha

Iweke kemikali saa mbili baada ya amiloidi. Ikiwa inafanya kazi ikitangulia tu, huenda inaishika amiloidi hukohuko kwenye midia na kwenye seli haifanyi lolote. Pima kugandamana bila seli kwa thioflavini T, rangi inayong'aa ikishika nyuzi za amiloidi, mwanga wa nanomita 440 ukiingia na 485 ukitoka. Kisha uulize kama molekuli hiyo itavuka kizuizi kati ya damu na ubongo. Semagacestat, dawa ya majaribio, ilipunguza amiloidi kwenye seli vizuri sana, lakini mwaka 2010 majaribio yake kwa watu yalisimamishwa, kwa kuwa wagonjwa walizidi kudhoofika akilini kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Kama ulianza na mti wa dawa, pata kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda kabla ya kuchuma jani, na urudi kwa aliyekuonyesha mti. Mimi nilirudi Masaka. Nilimwambia, "Mzee, kipimo chetu kilitudanganya. Kwa kipimo cha pili majani hayakuzikinga seli, na bado sijui kama yanawasaidia watu wako." Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama tulichuma majani machanga au yaliyokomaa. Tulichuma yaliyokomaa. Sahani ya machanga tunaipanda Jumatatu.