Pedali ya breki imekuwa ngumu: ichunguze servofreni kabla ya kuibadilisha

Pedali ya breki inapokuwa ngumu kiasi cha kumlazimu dereva kuikandamiza kwa nguvu zake zote ili gari lisimame, cha kwanza kushukiwa ni servofreni, yaani lile pipa jeusi la duara lililofungwa kati ya pedali na silinda kuu ya breki. Katika mji wa miteremko kama Bukavu hitilafu hiyo haingojei. Hata hivyo, usikimbilie kununua servofreni iliyotumika, kwani kosa linaweza kuwa kwenye bomba la mpira linaloiunganisha na injini au valvu ndogo tu ya bomba hilo, na uchunguzi wa awali hufanyika uani bila chombo chochote.

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara 4 au 5 hadi iwe ngumu, ili mvutano (nguvu ya kufyonza hewa ambayo servofreni huitumia kumsaidia dereva) uliobaki ndani yake uishe. Kisha, mguu ukiwa bado umeikandamiza kidogo, washa injini: pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, servofreni imeharibika au haifikiwi na mvutano. (Pedali inayozama polepole hadi chini ni kasoro nyingine, aghalabu ya silinda kuu au ya mafuta ya breki yanayovuja.)

Iache injini iungurume dakika 1 au 2, uizime, kisha ukanyage pedali taratibu mara kadhaa. Mara ya kwanza iende chini zaidi, na zinazofuata ziishie juu zaidi. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, hewa inaingia mahali fulani. Chunguza bomba linalotoka kwenye injini: nyufa huelekea kujificha chini ya vibano. Ichomoe valvu na kuipuliza. Hewa ipite kuelekea injini tu, isirudi. Mlio wa hewa karibu na miguu yako unapokanyaga, hasa mwungurumo wa injini ukibadilika, huashiria kiwambo (utando wa mpira) kilichopasuka ndani, na hapo servofreni yenyewe ndiyo ya kubadilishwa.

Gari la dizeli hupata mvutano kutoka pampu maalumu, ambayo katika magari kadhaa ya Toyota imefungwa nyuma ya alternata. Ichunguze hiyo pia.

Wapo wanaolaumu mwinuko. Ni kweli kwamba Bukavu, kwenye mita zipatazo 1,500, hewa ni nyepesi kuliko pwani na servofreni nzima husaidia pungufu kidogo, lakini mwinuko hauwezi kueleza ugumu ulioanza juzi.

Mwishowe tazama chupa ya mafuta ya breki. Yakipungua bila kuonekana tone chini ya gari wala kwenye magurudumu, legeza silinda kuu na uangalie nyuma yake: huenda yanavujia ndani ya servofreni na kuozesha mpira wake, na servofreni mpya itakayofungwa bila kuirekebisha silinda hiyo nayo itaharibika vilevile.