Namba ya bamba isiyosomeka kwenye Penny Red: ninavyoitafuta

Stempu iliyo mbele yangu ni Penny Red, stempu ya zamani ya Uingereza ya peni moja, wekundu wake umepauka kidogo, Malkia Victoria anatazama kushoto. Niliipata sokoni hapa Leicester, ndani ya kopo la biskuti lenye stempu kama mia mbili za aina hiyohiyo. Hii peke yake ilikuwa ndani ya bahasha, na juu ya bahasha mtu ameandika kwa penseli: "77?" Usiku ule sikulala vizuri. Bamba ni kipande cha chuma cha kuchapia stempu, na kila kimoja kilikuwa na namba yake. Bamba namba 77 lilikataliwa, na stempu zake chache zilizoponyoka zinahesabika kwa vidole. Moja tu ina bei ya nyumba.

Kwa anayeanza: kuanzia 1864, Penny Red zilichapwa na namba ya bamba ndani ya picha yenyewe, kutoka 71 hadi 225. Namba 75, 126 na 128 hazimo, kwa hiyo ukidhani umeziona, rudi uangalie upya. Namba imo ubavuni, kushoto na kulia, imelala ndani ya pambo la mistari iliyosokotana kama ukili wa mkeka. Ni ndogo mno. Wino ukizidi au muhuri wa posta ukipita juu yake, inapotea.

Wengi hukimbilia lenzi kubwa. Mimi naanza na mwanga. Nakaa dirishani asubuhi, naishika stempu kwa kibano, naiinamisha taratibu ili mwanga uje kwa ubavu. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha. Ukizidisha hapo utaona nyuzi za karatasi na tarakimu itakukimbia. Na tafadhali usiisugue stempu kwa kitambaa wala kidole. Wino wa muhuri hautoki, utakachong'oa ni picha.

Kabla ya kuhangaika na stempu mbovu, chukua moja inayosomeka vizuri uione namba inakaa wapi na tarakimu zinaelekea upande gani katika kila ubavu. Hili ni la lazima, kwa sababu 86 ikipinduliwa inasomeka 98, na 161 inasomeka 191, na mabamba yote manne yapo. Jicho likishazoea mahali penyewe, linajua pa kutazama hata penye giza.

Kisha soma pande zote mbili. Muhuri ukiwa umeziba kulia, kushoto huenda kukawa wazi. Mara nyingi unapata tarakimu ya kwanza upande mmoja na ya mwisho upande wa pili, unaziunganisha. Andika tu ulichokiona kweli, kwingine acha nafasi: "1_4". Ukishajaza kwa kukisia, jicho litakubaliana na mkono wako siku nzima.

Panapobaki giza natumia skana, kwa ubora wa nukta 1200 kwa inchi. Programu yoyote ya picha inaweza kutenganisha rangi nyekundu, kijani na bluu. Tazama sehemu ya kijani peke yake: wino mwekundu unageuka mweusi na mistari hafifu inajitokeza. Halafu tazama sehemu ya nyekundu: picha ya stempu inafifia, muhuri mweusi unabaki. Ziweke picha mbili sambamba, utajua mstari upi ni wa stempu na upi ni wa muhuri. Hapa ndipo 3 nyingi nilizodhani ni 8 zilipojirekebisha.

Muhuri wenyewe nao usiulaani kabla hujausoma. Ukiwa na tarehe, unakupunguzia kazi: stempu iliyogongwa 1867 haiwezi kuwa ya bamba la 190 na kitu. Na ukikuta A25, namba ya ofisi ya posta, katikati ya vijistari vya muhuri, barua ilipitia Malta. A26 ni Gibraltar. Stempu ya namna hiyo iweke pembeni hata kama bamba lake halijulikani.

Kimbilio la mwisho ni herufi zilizo kwenye pembe nne za stempu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kila karatasi ilikuwa na stempu 240, safu 20 zenye stempu 12. Herufi mbili za chini zinataja mahali: yangu ina N na G, yaani safu ya 14, stempu ya 7, juu zimegeuzwa, G na N. Herufi hizo fundi alizigonga kwenye bamba moja moja kwa mkono, ndiyo maana G ya bamba moja imeegemea ukuta wa kisanduku chake na ya bamba jingine imezama chini. Ukibaki na namba mbili au tatu unazoshuku, tafuta picha za NG za mabamba hayo na ulinganishe herufi moja baada ya nyingine. Herufi zikikataa, namba hiyo ifute.

Sasa stempu yangu. Kulia ni weusi mtupu wa muhuri. Kushoto 77 inaonekana, lakini haikukaa katikati ya pambo. Imesogea upande mmoja kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi kitandani. Namba ya tarakimu mbili haina sababu ya kukaa hivyo. Kwanza nilikagua nafasi ile kwa mwanga wa ubavu, kwa kuwa wapo waliowahi kukwangua 1 ya 177 ili wauze 77. Karatasi ilikuwa laini, nyuzi hazijainuka, hakuna aliyekwangua. Halafu nikafungua sehemu ya kijani ya picha, na hapo mguu wa 1 ukaonekana, mwembamba, wino wake ulikuwa haukushika vizuri. Nikatafuta NG ya bamba 177 iliyo safi, nikalinganisha. Herufi zote nne zilikaa palepale.

Nimefuta alama ya kuuliza kwenye bahasha, nimeandika 177, NG, na tarehe ya leo.